Kabla Hujaiundia Anodi Modeli

Tuanze na hesabu ya hapa nyumbani. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka barabara ya Moshi kupita Tengeru hadi Maji ya Chai unapungua kidogo, lakini bado uko juu. Mgandamizo wa hewa katika ukanda huo ni kama kilopaskali 86 hadi 88. Tanga na Dar es Salaam ni 101. Sasa mwanafunzi anayechunguza seli ya fueli anapitisha hidrojeni kwenye chupa ya maji yenye nyuzijoto 25 ili kuipa unyevu, halafu anaandika kwenye programu yake kwamba gesi ina mvuke asilimia 3, kwa kuwa ndivyo alivyokuta katika kila makala aliyosoma. Makala hizo ziliandikwa na watu wa mabondeni. Mgandamizo wa mvuke juu ya maji ya nyuzi 25 ni kilopaskali 3.17, uwe Pangani au uwe kwenye mteremko wa Meru. Ugawe kwa 87 utapata asilimia 3.6. Oksijeni ya upande wa pili wa seli nayo imepungua, kutoka kilopaskali 21 hadi 18. Ingiza namba hizo kwenye mlinganyo wa Nernst, unaokokotoa volteji kutokana na gesi za pande zote mbili, kwa nyuzi 800, na volteji ya seli isiyotoa mkondo, ambayo pwani ingesoma karibu 1.10, huku kwetu inashuka kwa milivolti kama 11.

Milivolti 11 si kitu kwa fundi wa sola. Kwa anayechunguza anodi ni nyingi mno, maana kwenye mikondo midogo hasara yote ya anodi yaweza kuwa ya ukubwa huohuo. Asiyejua zimekwenda wapi atazitafuta kwenye kiungio kinachovuja, au, kibaya zaidi, ataiachia kompyuta izifidie kwa kusogeza kigezo ambacho hakikuwa na kosa lolote. Kuanzia hapo mchoro wake unalingana na vipimo vizuri sana, na maelezo yake ni ya uongo.

Kwa hiyo sharti langu kwa yeyote anayetaka kuunda modeli ya anodi ya seli ya fueli ya oksidi yabisi, awe yuko Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Chuo cha Ufundi Arusha, au anajisomea nyumbani kwa kompyuta ya mkononi, ni moja: kigezo kisisogezwe mpaka uwe umeshindwa kukipima na umeshindwa kukikokotoa. Mengine yote humu ni namna ya kulitii sharti hilo.

Kwa ambaye jambo hili ni jipya, maelezo mafupi. Seli yenyewe ni sahani ya kauri ya tabaka tatu inayofanya kazi kwenye nyuzi 600 hadi 1,000. Katikati kuna elektroliti, kwa kawaida zirkonia iliyochanganywa na itria, ambayo ikipata moto hupitisha ioni za oksijeni na kuzuia elektroni. Walther Nernst alilijua hilo mwishoni mwa karne ya 19 alipotengeneza taa yake ya kauri, na mwaka 1937 Emil Baur na Hans Preis, Uswisi, wakaonyesha seli inayotoa umeme kwa njia hiyo. Upande wa hewa ni kathodi. Upande wa fueli ni anodi: mchanganyiko wa nikeli na zirkonia ileile, wenye vitundu vya kupitisha gesi. Ioni ya oksijeni inafika, inakutana na hidrojeni, maji yanazaliwa, na elektroni mbili zinaondoka kupitia nikeli. (Nikeli ya Kabanga kule Ngara na mchanga wa zirkoni uliokuwa ukichimbwa Kwale, Kenya, ni vya ardhi yetu; kauri ndiyo hatujaanza kuifinyanga.)

Tendo hilo haliwezi kutokea popote ndani ya anodi. Linahitaji mahali ambapo nikeli, zirkonia na kitundu chenye gesi vinagusana kwa pamoja, na mahali hapo ni mstari mwembamba unaojipinda ndani ya kauri. Mwaka 2006 kundi la Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilikata anodi vipande vyembamba kwa mwale wa ioni, likavipiga picha kimoja kimoja na kuvipanga upya kwenye kompyuta. Walikuta mstari wa kilomita 4,280 katika sentimita moja ya ujazo. Ni safari ya Arusha hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, zaidi ya mara tatu, imekunjwa ndani ya kitu cha ukubwa wa punje ya karanga.

Ila usiichukue namba hiyo ukaipandikiza kwenye seli yako. Ile ilikuwa anodi yao. Ya kwako ilichomwa kwa joto lako, kwa unga wako. Kama huna namna ya kupiga picha za aina hiyo, na wengi hatuna, kokotoa urefu wa mstari kutoka ukubwa wa punje, vitundu na uwiano wa nikeli kwa nadharia ya mguso wa punje, kisha uandike waziwazi kwamba ni makadirio. Hapo angalia pia kwamba nikeli isipofikia takriban asilimia 30 ya ujazo wa sehemu yabisi, punje zake hazishikani mkono na umeme haupiti. Modeli isiyojua kizingiti hicho itakuruhusu kubuni anodi ambayo kiuhalisia ni kipande cha kigae.

Sasa ukubwa wa modeli. Wanafunzi wengi hupenda kuanza na umbo lenye pande tatu, rangi nyekundu na bluu, mishale ya gesi ikizunguka. Picha hizo zinapendeza kwenye kikao cha utetezi wa tasnifu. Mimi ningeanza na mstari mmoja tu: kutoka mlango wa gesi hadi ukuta wa elektroliti, upande mmoja, na milinganyo mitatu. Mmoja unasema gesi inavyopenya kwenye vitundu. Wa pili unasema ioni na elektroni zinavyosafiri. Wa tatu, ule wa Butler na Volmer, unasema tendo linakwenda kasi gani kwa kila milivolti ya msukumo. Modeli ya namna hiyo inaandikika kwa Python ambayo ni ya bure, na programu huria ya Cantera ina mfano wa seli ya aina hii uliowekwa kwa ajili ya kujifunzia. Usome mfano huo mstari kwa mstari, lakini namba zake za kasi usizibebe kwenda nazo kwenye tasnifu.

Kuhusu mlinganyo wa tatu kuna ugomvi wa miaka mingi ambao ni vizuri uujue kabla hujachagua upande. Ili kuona tendo lenyewe bila fujo ya vitundu, watafiti walichora mistari ya nikeli juu ya zirkonia laini: Mizusaki na wenzake Japani mwaka 1994, kisha Bieberle, Meier na Gauckler wa Zürich mwaka 2001. Hata kwa vipande safi namna hiyo, majibu kuhusu jinsi kasi inavyotegemea hidrojeni na mvuke hayakulingana kutoka maabara hadi maabara. Mwaka 2009 Vogler, Bessler na wenzao walijaribu njia saba ambazo tendo lingeweza kupitia, wakakuta iliyoelezea vipimo vizuri zaidi ni ile ambamo hidrojeni inaruka kutoka nikeli kwenda juu ya zirkonia. Ukiwa na anodi ya vitundu na vipimo vichache, huwezi kuamua kesi hiyo. Chagua sheria moja ya kasi, taja ilikotoka, na usijigambe kwamba umegundua utaratibu wa tendo kwa sababu tu mstari wako umepita juu ya nukta.

Kwa nini nasema hivyo? Mchoro mmoja wa mkondo dhidi ya volteji unaweza kufuatwa na modeli nyingi zinazopingana. Ongeza ukinzani wa nyaya kidogo, punguza kasi ya tendo kidogo, ongeza upindaji wa vitundu kidogo, na mstari unarudi palepale. Upindaji ndio unaonewa kuliko vyote. Kwa anodi za kawaida namba yake huwa kati ya 2 na 6. Ukiona kompyuta imekuletea 12 au 15 ili mchoro ukubali, jua kuna kitu kingine kinachobana gesi ambacho hukukiweka kwenye modeli, pengine wavu wa kukusanyia mkondo, pengine mfereji wenyewe.

Anza kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja. Ukinzani wa elektroliti unakokotoleka: kwa nyuzi 800 zirkonia hupitisha kama simensi 0.04 kwa sentimita, hivyo tabaka la mikromita 10 linakula milivolti kama 25 kwa ampea moja katika sentimita ya mraba, na la mikromita 150 linakula karibu 375. Tazama tofauti hiyo kabla hujaagiza seli. Ukinunua zenye elektroliti nene kwa kuwa ni bei nafuu na hazivunjiki upesi, anodi uliyotaka kuichunguza itakuwa mnong'ono ndani ya kelele.

Baada ya hapo tumia impedansi. Unaitikisa seli kwa mkondo mdogo wa kwenda na kurudi, kutoka makumi ya maelfu ya mitikisiko kwa sekunde hadi chini ya mmoja, na kila tendo linajibu kwa wakati wake, likionekana kama nundu kwenye mchoro. Kwa seli zinazobebwa na anodi, tendo la kwenye mstari wa nikeli hujibu kwenye kilohezi. Gesi kwenye vitundu hujibu kwenye hezi chache. Kundi la Karlsruhe, Ujerumani, lilitenganisha haya kwa subira ambayo ni ya kuigwa: walibadilisha gesi ya anodi huku hewa ikiwa ileile, kisha hewa huku gesi ikiwa ileile, wakatazama nundu ipi imesogea. Huhitaji mtambo wao mzima kuiga desturi yao. Unahitaji kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kusokota nyaya zako pamoja ili zisilete nundu za bandia kwenye masafa ya juu. Vipimo vikishatoka, vipitishe kwenye jaribio la Kramers na Kronig, linaloonyesha kama vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Vikifeli, vitupe, hata kama umekesha navyo.

Msimbo nao ujaribiwe kabla ya kuaminiwa, kwa maswali ambayo majibu yake unayajua kwa kalamu. Mkondo ukiwa sifuri, inarudi volteji ya Nernst? Ampea moja inameza mililita 7 za hidrojeni kwa dakika, zikipimwa kwa nyuzi sifuri na mgandamizo wa usawa wa bahari. Je, tofauti ya gesi inayoingia na inayotoka kwenye modeli yako ni hiyo? Ukishusha mgandamizo kutoka 101 hadi 87, mpenyo wa molekuli kwa molekuli haupaswi kubadili mkondo wa juu kabisa, ila ule wa Knudsen, ambamo molekuli hugonga kuta za vitundu vyembamba, unapaswa kuupunguza. Na sehemu ya anodi inayofanya kazi hasa ni mikromita 10 hadi 20 zilizo jirani na elektroliti. Ukigawa anodi ya mikromita 500 katika vipande 20 vilivyo sawa, kila kipande ni mikromita 25, na tendo zima limefichwa ndani ya kipande kimoja. Bana vipande karibu na ukuta, kisha vigawe tena nusu kwa nusu mpaka jibu litulie.

Hadi hapa nimezungumzia hidrojeni safi, gesi ya mitungi ya gharama. Kinachofanya jambo hili liwe na maana Maji ya Chai ni ng'ombe. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha hapa Arusha, kilianza kujenga mitambo ya bayogesi miaka ya 1980, kwanza kwa ushirikiano na Wajerumani, na kuanzia 2009 kupitia programu ya taifa ya bayogesi ya majumbani. Gesi hiyo leo inapikia makande na ndizi. Mita moja ya ujazo ikiwa na metani asilimia 60 ina nishati ya takriban kilowati-saa 6, na seli ya oksidi yabisi yenye ufanisi wa nusu ingeigeuza kuwa umeme wa kilowati-saa 3. Ndiyo maana inafaa mtu akae chini aunde modeli, kwa sababu kujaribu kwenye seli yenyewe kunaua seli.

Inakufa kwa salfa kwanza. Bayogesi ya samadi hubeba salfidi hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza, kwa mamia hadi elfu kadhaa za sehemu kwa milioni. Nikeli haistahimili hata sehemu moja. Mwaka 2008 John Bøgild Hansen alionyesha kwamba kufunikwa kwa uso wa nikeli kunafuata mlinganyo wa Temkin; ukiukokotoa kwa nyuzi 800 na sehemu moja tu kwa milioni ndani ya hidrojeni, salfa inakalia karibu asilimia 73 ya uso. Ongeza hadi sehemu 10 na unafika 83. Ona jinsi inavyopanda: madhara makubwa yanakuja na chembe ya kwanza, zinazofuata zinaongeza kidogo kidogo. Anayeweka kwenye modeli yake kwamba sumu inazidisha hasara kwa uwiano wa moja kwa moja amekosea tangu mwanzo. Kosa la pili ni kutumia kipunguzio kimoja kwa kila tendo. Salfa huua uwezo wa nikeli wa kuvunja metani kwa ukali kuliko inavyoua tendo la hidrojeni kwenye mstari, hivyo weka vipunguzio viwili, kila kimoja na data yake.

Halafu usafishe gesi kabla ya kuigusa seli yoyote ya kweli. Oksidi ya chuma inanasa salfa, na watafiti wa Tengeru wamechapisha kazi kuhusu mwamba mwekundu wenye oksidi hiyo. Pima kwa mirija ya rangi kabla na baada ya chujio. Pua usiitegemee, kwa sababu gesi hii ikizidi huufisha uwezo wa kunusa, na unapodhani imekwisha ndipo inapokuwa hatari.

Adui wa pili ni masizi. Hesabu atomi tu, hata kompyuta haihitajiki: metani asilimia 60 na kaboni dioksidi 40 zinakupa atomi 0.8 ya oksijeni kwa kila atomi ya kaboni. Oksijeni haitoshi hata kuigeuza kaboni yote kuwa monoksidi, kwa hiyo kwenye nyuzi 800 kinachobaki kinatua juu ya nikeli. Lazima uongeze mvuke, au hewa kidogo, mpaka uwiano uzidi 1 kwa nafasi ya kutosha. Mkondo nao unaleta oksijeni kupitia elektroliti, na hapo ndipo modeli inayoitazama anodi kama nukta moja inapodanganya: wastani unaonekana salama, ilhali pale gesi inapoingilia, kabla mkondo haujaleta chochote, masizi yameshaanza. Kwa bayogesi ongeza mstari wa pili, wa kufuata mfereji kutoka kuingia hadi kutoka.

Mvuke huo utoke kwenye maji yaliyokenekwa. Nalisema kwa sababu ya mahali tulipo. Mto wenye rangi ya chai unaopita hapa Maji ya Chai unatoka kwenye miamba ya volkano, na floridi yake imeshughulisha kituo cha kuondoa floridi cha Ngurdoto na mkaa wake wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi. Chupa ya kunyevushia haidhuriki na floridi kama meno ya watoto wetu, lakini maji ya volkano hubeba silika pia, na silika ikipanda na mvuke hutua kwenye mistari ileile ya nikeli uliyohangaika kuihesabu.

Adui mwingine ni kukatika kwa umeme: ukikatika usiku, tanuri linapoa na gesi huenda ikasimama. Nikeli ikipata hewa ingali moto inageuka oksidi na kuvimba kwa takriban asilimia 70 ya ujazo wake. Seli isipopasuka, muundo wake wa ndani umebadilika. Kwa hiyo uwe na mtungi wa naitrojeni yenye hidrojeni kidogo inayofunguka yenyewe, na data za kabla na baada ya tukio kama hilo zisiwekwe kwenye modeli moja kana kwamba ni seli moja.

Unapoandika tasnifu, weka jedwali la vigezo vyote na useme kila kimoja kimetoka wapi: kimepimwa hapa, kimekokotolewa, kimeazimwa kutoka kazi ya nani na kwa joto gani, au kimesogezwa na kompyuta. Vilivyosogezwa vikizidi vitatu, msimamizi makini atakusimamisha hapo, na atakuwa na haki. Pengo likibaki kati ya mstari na nukta, lichore lilivyo. Kwa anayetumia bayogesi, pengo hilo mara nyingi ni joto: kuvunja metani kunanyonya joto, kwa hiyo lango la gesi linaweza kuwa limepoa kwa makumi ya nyuzi huku kipimajoto kilicho ukutani mwa tanuri kikiendelea kusoma 800. Sogeza kipimajoto karibu na lango, soma tena, kisha ndipo urudi kwenye msimbo.